Karabini Yenye Senti ya Tundu

Didier, mutoto wangu wa pili, aliamua kunihamisha siku ile niliyosalimia shuka. Ilikuwa shuka ya jirani wangu Maman Anne-Marie, imeanikwa kwenye kamba, upepo unaitikisa, na mimi nikaona ni Maman Anne-Marie mwenyewe anatikisa mabega kama kawaida yake. Nikaiambia: "Maman, umeamkaje? Leo umevaa nyeupe, kuna ubatizo?" Shuka ikanyamaza. Nikaona ananinunia, nikaanza kuitukana kidogo-kidogo. Sikujua Didier amesimama nyuma yangu na mufuko wa viazi alioniletea. Alisikia yote.

"Maman," akasema pole-pole, kama mutu anaongea na mugonjwa, "unasalimia nani?"

"Maman Anne-Marie. Leo ameamka na kiburi."

"Maman Anne-Marie iko Uvira tangu siku ya tatu."

"Basi kiburi chake amekiacha hapa."

Nilicheka peke yangu. Yeye alikuwa anaangalia miguu yangu, na yale mawe ya njia, na mufereji uliochimbwa na mvua mbele ya mulango.

Siku ya Mungu, kiisha misa, akarudi na bibi yake Francine. Wakakaa mu salon, wakakataa chai. Mutu akikataa chai yangu ninajua ameleta maneno. Na maneno yenyewe yalikuwa haya: wanakaa Kavumu, nyumba ni kubwa, wamenitengenezea chumba.

"Kule ni tambarare, Maman," Didier akasema. "Hakuna mahali pa kuanguka."

"Na nikitaka kuanguka?"

"Maman, acha michezo. Macho imeisha. Hapa Muhungu ni mawe na mashimo. Siku moja tutakuja kukuokota kule chini mu ziwa."

Alisema hivyo, sauti ikamukatika katikati. Hapo nikaona mambo ni makubwa. Kama angekuwa mutoto mubaya ningemufukuza na ufagio, nimalize. Lakini huyu aliogopa kweli.

Kavumu sina shida nayo. Maharagi ya kule ni matamu na watu wake wanasalimia vizuri. Lakini nyumba hii tuliijenga na bwana yangu Anaclet, tofali moja nyuma ya ingine. Nikilala kitandani ninasikia ni nani anagombana na nani, na sababu ninaijua mbele yao. Kule Kavumu wangenikalisha kwenye kiti cha plastiki nihesabu ndege zinazoshuka kwenye kiwanja chao, na Francine, ambaye ni mwanamuke muzuri, angenipikia bila chumvi kwa ajili ya tension yangu, ile ya damu. Ningekufa na tension nzuri kabisa.

Nikatafuta kitu cha kushikilia. Macho ikafika kwenye picha ya Anaclet ukutani, amesimama na karabini yake.

Hiyo karabini isikutishe, si bunduki ya watu wa vita. Ni ya hewa. Unaivunja katikati, resori, ile springi, inajikunja ndani, unatia plombi moja, kirisasi kama punje ya mutama, unavuta, pfut. Inaua kunguru kama kunguru mwenyewe amekubali. Anaclet aliipata kwa mwalimu mumoja muzungu aliyerudi kwao, na mimi ndiye niliyeitumia, kwa sababu mihogo iliyoanikwa ilikuwa yangu na kunguru walikuwa maadui wangu.

"Ile sikukuu ya parokia, kermese, iko lini?" nikauliza.

"Kiisha wiki tatu. Maman, usibadilishe maneno."

"Sibadilishi. Pale watu wanapiga shabaha. Plombi tano, metre kumi, karatasi yenye duara nyeusi ukubwa wa tunda la marakuja. Nikitia plombi nne mu nyeusi, mutaniacha mu nyumba yangu, na hakuna mutu atanitajia Kavumu tena. Nikikosa, nafunga mizigo siku ileile, na mu gari sitalia."

Didier akacheka, mara ya kwanza tangu aingie. "Mutu haoni shuka, ataona marakuja?"

"Shuka niliiona. Nilikosea tu jina lake."

"Didier," Francine akasema, "usikubali. Haumujue mama yako."

"Miaka thelathini na saba ninamujua." Akaninyooshea mukono, tukakamatana. Kiisha wakakunywa chai.

Walipoondoka nikatoa karabini chini ya kitanda, nikaielekeza kwenye papayi ya uwanja, na roho ikanishuka. Anaclet alikuwa na mikono ya kuchuma avoka bila ngazi, na karabini ilikuwa ya urefu wake. Kwangu kitako kilipita bega kikaniangalia nyuma. Na ile shabaha yake! Karibu na jicho kuna chuma chenye mukato, mbele kule kuna kijiti, na mbali kabisa kuna kitu unachopiga. Unatakiwa kuona vyote vitatu mara moja. Kwa umri wangu ninaona kimoja. Viwili, kama havina haraka.

Kesho yake nikaifunga mu kikwembe nikashuka nayo Kadutu kwa Gentil. Gentil anatengeneza mashini za kushona pale sokoni. Vidole vyake ni vyembamba kama vya mutu wa kuiba mu mifuko, lakini ni mukristu.

"Maman, hii ni ya nani?"

"Ya marehemu. Nataka uipunguze inikae, kama vile fundi wa nguo anapunguza robe."

Hakucheka. Fundi wa kweli ukimupa kazi ya ajabu anasahau kucheka. Akanikalisha kwenye kiti, akaniambia niishike kama ninapiga, akachukua chaki ya washonaji akatia alama kwenye kitako. Akakata upana wa vidole vine vizima. Pale mwisho akabandika kipande cha mupira wa gari, isiteleze kwenye bluzi. Juu, pale shavu linapolala, akaongeza kibao akakivalisha kitambaa cha kikwembe, kwa sababu nilimwambia mifupa ya uso wangu imebaki peke yake. Kiisha akagusa gasheti, pale kidole kinapovuta, akakunja uso.

"Maman, hii inavutwa na ngombe."

Akaifungua, akasugua chuma na tupa, akatoa resori ndogo ya zamani akatia ingine aliyoitoa kwenye mashini ya kushona iliyokufa. Ikawa laini sana, nikipumua inataka kuondoka. Nikamwambia arudishe uzito kidogo, maana mimi ninacheka sana, nisije kumupiga padri.

Ikabaki macho. Hapo ilibidi nimwambie siri, na wewe musomaji usiipeleke mbali. Ukuta wa mabati kati yangu na Maman Anne-Marie uko na tundu la musumari. Siku moja kulikuwa na makelele kwake, na mimi, kwa kumuhurumia tu, niliweka jicho pale. Nikashangaa. Bila miwani, nikiwa mbali, nilihesabu vile visamaki vya sambaza kwenye sahani ya bwana yake: sita. Nikatoa jicho, nikaangalia juu ya ukuta: ukungu. Nikarudisha kwenye tundu: sita, na ya saba anaitafuna.

"Tundu dogo linaosha macho, Gentil. Nitilie tundu kwenye karabini."

Akafikiri. Kiisha akafungua kopo lake la vitu visivyo na kazi, akatoa senti kumi ya wakati wa Wabelji, ile yenye tundu katikati. Akaangalia kupitia, akasema tundu ni kubwa. Akaliziba na bati la kuyeyusha, likapoa, akalitoboa tena katikati na sindano ya mashini, ya kushona jeans. Akaisimamisha senti kwenye kipande cha chuma na visi viwili vya kukazia, pale nyuma karibu na jicho, akatupilia mbali ule mukato wa zamani.

Nikaangalia. Ee Mungu Nyamuzinda! Mbele yangu ng'ambo ya njia kulikuwa na mwanamuke anauza nyanya, na niliona inzi kwenye nyanya yake. Kijiti cha mbele kilisimama wazi, na inzi amekaa juu yake kama askofu kwenye kiti.

"Unaona, Maman?"

"Ninaona mupaka mambo ambayo hayanihusu."

Akanipa kichupa cha mafuta ya mashini. "Tone moja tu, hapa inapovunjikia. Ndani usitie kitu. Maman, umesikia? Ndani hapana."

Nilisikia. Kusikia sijawahi kuwa na shida.

Wiki mbili na nusu nilipiga kila siku kiisha chakula cha saa sita. Nilipiga vifuniko vya kopo za maziwa, nikaweka meza na kiti kama pale kermese, viwiko juu ya meza. Siku za kwanza nilitia moja mu tano. Kiisha mbili. Kuivunja ilikuwa kazi, basi niliivunjia kwenye paja kama mutu anavunja kuni. Nikajifunza kungoja pumzi itoke yote, na pale kati ya pumzi na pumzi, moyo unaponyamaza kidogo, ndipo kidole kinavuta. Siku ya mwisho nilitia tano mu tano, mara mbili.

Na hapo ndipo nilipofanya ujinga. Jioni ile niliona karabini inalia kidogo ikivunjwa, kii, kama mulango wa kanisa. Kichupa cha Gentil nilikuwa nimekimaliza kwenye bawaba za madirisha. Nikaangalia mu jikoni, nikaona mawese. Mawese yanalainisha majani ya sombe, yanalainisha ngozi ya mutoto, yanalainisha tumbo la muzee; karabini ni nani ikatae? Nikaipa kijiko. Ikaacha kulia. Nikaipa kingine kwa furaha. Cha tatu, ninakiri, kiliingia ndani.

Wewe unayekaa Bukavu umeshaanza kunicheka. Mwezi wa saba! Asubuhi ya mwezi wa saba maji yenyewe yanauma meno. Nilipoamka, mawese yangu yalikuwa yamelala mu chupa, magumu kama siagi, na mu karabini vilevile. Nikaivunja kwenye paja: haivunjiki. Nikaivunja kwenye kona ya meza: meza ndiyo iliyolia. Makala ya jiko sikuwa nimewasha, na Didier alikuwa tayari inje anapiga honi, amevaa kostume, misa ni saa tatu.

Mutoto akipata baridi unafanya nini? Nikaiweka karabini mugongoni, nikaifunga na kikwembe, ile ya watu wa parokia yenye picha ya Bikira, na juu yake nikajitanda shali. Nikaingia mu gari.

"Maman, mbona unakaa wima hivyo?" Francine akauliza.

"Ni heshima ya Siku ya Mungu."

Misa nzima nilikaa kama mukuki. Wakati wa kupiga magoti nilipiga moja tu. Na joto la mwili, na watu walivyobanana, na mahubiri marefu, ninashukuru kila neno la yale mahubiri, pole-pole nikasikia kitu kinashuka mugongoni, cha moto-moto. Mawese yanaamka. Francine, aliyekuwa nyuma yangu, akaniinamia sikioni:

"Maman, unatoka damu!"

"Onja," nikamwambia.

Hakuonja, lakini alinusa. Mupaka baraka ya mwisho nilisikia benchi yao inatetemeka kwa kicheko.

Kermese ilikuwa mu uwanja wa nyuma: brochettes za nyama, tombola ya bahati nasibu, kwaya ya vijana na baffle yao kubwa ya muziki. Pale penye ukuta wa mawe kulikuwa na meza ya shabaha, na bwana wa meza, Papa Adalbert, mulinzi wa pori aliyestaafu. Alikuwa rafiki ya Anaclet, na ameshinda jogoo wa kermese miaka sita ikifuatana. Anaandika majina, anahesabu alama, halafu anashinda mwenyewe. Siku ile alikuwa ameshapiga arobaini na sita mu hamsini, jogoo yuko chini ya kiti chake tayari.

Nikafungua mugongo, nikatoa karabini. Watu wakaanza kusogea.

"Shemeki," Adalbert akasema, anashika senti na kidole kimoja, "hii bunduki umeipeleka kwa munganga wa macho?"

"Ndiyo. Na wewe upeleke yako, ameniambia iko na makengeza."

"Sheria inasema kila mutu na karabini yake. Haijasema karabini ivae miwani."

"Na haijasema isivae. Soma tena, shemeki, au nikuazime senti?"

Kwaya ikacheka. Adalbert akanipa kiti. Didier akasimama karibu, mikono mu mifuko. Francine hakusimama karibu, maana kila akiniangalia mugongo alianza upya.

Nikavunja karabini: ikakubali, laini kama keki. Nikatia plombi. Kwenye tundu la senti karatasi ilikuja, na marakuja yake nyeusi, na kijiti chini yake. Pumzi ikatoka. Moyo ukanyamaza. Nikavuta.

PAAH!

Si pfut. Paah, kama za kweli, na moshi juu. Ndugu yangu, watu wa Bukavu hawaulizi. Kwaya nzima ikalala chini, alto, tenor, bila kukosea sauti. Muuza brochettes alilala na brochettes zake zikiwa zimesimama mukononi. Padri alikuwa chini ya meza ya tombola. Na Papa Adalbert, mulinzi wa pori, alikuwa wa kwanza kufika chini, amekumbatia jogoo.

Mimi ndiye niliyebaki nimekaa, na moshi ukizunguka kichwa changu. Na ule moshi ulikuwa unanuka ndizi makemba za kukaanga.

Kiisha sauti ya mutu kutoka chini: "Kuna mutu anapika?"

Hapo kicheko kikaanza kwenye majani na kikainuka pamoja na watu. Gentil, aliyekuja kuona kazi yake, alikuwa anapanguza magoti.

"Maman, ulitia nini ndani?"

"Kitu kidogo."

"Inanuka sombe!"

"Basi unajua ni nini, unauliza nini?"

Akashika kichwa. Akanielezea: mafuta yakiingia mahali pa hewa, hewa inapokamatwa kwa nguvu yanawaka. Plombi inaondoka kama imefukuzwa na deni. Akaivunja, akapitisha kitambaa kwenye mudomo, akapiga mara tatu chini bila plombi, pah, paf, pfut, mupaka sauti ikarudi ya kawaida.

Adalbert alikwenda kuona karatasi, akarudi anatikisa kichwa. Ile plombi ilipita juu, hata karatasi haikuigusa.

"Pole, shemeki. Sifuri. Zingine nne ukizitia zote katikati, ni arobaini. Umeshatoka kwenye mashindano. Piga tu za kujifurahisha." Na akarudi kwa jogoo wake.

Watu wakaanza kurudi kwenye brochettes. Wao walijua yameisha. Lakini mimi na Didier tuliangaliana. Nilikuwa na plombi nne, na nilihitaji nne.

"Maman," akasema chini-chini, "kama unataka, tuanze upya. Ile ya kwanza haikuwa kosa lako."

"Kijiko cha nani kilikuwa?"

Akakuna kichwa.

"Basi," nikamwambia. "Tano ni tano."

Nikapiga ya pili. Niliisikia nzuri. Mutu anayepiga anajua, kama vile unajua chumvi imetosha mbele ya kuonja. Ya tatu, nzuri. Kabla ya ya nne nilingoja sana, kwa sababu baffle ilianza muziki na meza ilikuwa inacheza. Didier mwenyewe alikwenda akazima baffle. Vijana wakamupigia kelele. Yeye, mwenye kostume, akawaonyesha kidole mudomoni. Nikapiga. Nzuri.

Ya tano. Hapa sitakudanganya. Nilianza kuona nyumba. Niliona mulango, na kitanda, na zile sauti za majirani asubuhi, na tundu langu la musumari, na jicho likaingia maji. Maji kwenye jicho na tundu la sindano haviendi pamoja. Marakuja ikawa mbili. Nilipaswa kushusha karabini, nipumzike, nianze tena. Badala yake nikachagua moja kati ya zile mbili, nikavuta.

Pfut.

Pale kwa Adalbert kila mupigaji anatuma shahidi wake kuleta karatasi. Wangu alikuwa Didier. Adalbert alikuwa anagombana na mutu juu ya jogoo, Gentil alikuwa anakula. Didier akaenda peke yake mupaka ukutani, metre kumi, na akasimama akiwa amenipa mugongo. Kutoka pale nilipokaa, karatasi ilikuwa weupe tu, na mutoto wangu mweusi mbele yake. Tundu la plombi, hata wewe mwenye macho mazuri hauwezi kuliona pale.

Akakawia pale. Akaitoa kwenye musumari. Akaiinua kwenye mwanga. Akakawia tena.

Kiisha akaikunja mara mbili, mara nne, akaitia mu mufuko wa suruali, akarudi. Akapiga goti moja mbele ya kiti changu, kwenye majani, na ile kostume.

"Nne, Maman," akasema. "Ziko nne."

"Mu nyeusi?"

"Mu nyeusi."

Ningeweza kumwambia, leta nione. Mukono wangu hata ulijinyoosha kidogo. Nikaurudisha, nikamushika shavu, nikamuachia rangi ya mawese kutoka jicho mupaka kidevu.

Tangu siku ile hakuna mutu aliyenitajia Kavumu. Didier anakuja kila siku ya posho, ile inayotangulia Siku ya Mungu, ananiletea viazi, kiisha tunaweka vifuniko kwenye papayi, anapiga na karabini yangu. Anakosa sana. Kitako ni kifupi kwake, senti inamugonga kwenye nyusi, anasema ni makosa ya fundi.

Mara moja nilikuwa na Francine mu jikoni, tunachambua majani ya lenga-lenga, nikamuuliza kama si kitu ile karatasi ilikwenda wapi.

"Nilifua suruali bila kuangalia mu mufuko," akasema. "Ilitoka kama uji wa bouillie."

"Na yeye, hakukuambia kitu?"

"Nilimuuliza siku ile wakati wa kulala. Akasema nne." Akakata majani kidogo, akacheka na pua. "Lakini, Maman, alikuwa anaangalia ukuta."

"Ukuta uko na nini?"

"Hauna kitu."

Tukaendelea kuchambua. Inje nilisikia pfut, kiisha Didier akitukana kifuniko, na mimi nikaongeza chumvi mu sufuria Francine akiwa amegeuka.